Spana Haikulia

Siku ile spana haikulia.

Mshonaji aliingoja tangu jua lilipoanza kuegemea ukuta wa gereji. Mguu ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani, sketi za shule zikipita chini ya sindano moja baada ya nyingine, na sikio lake lilikuwa upande wa pili wa ukuta, alikokuwa mumewe. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja tu. Mtu akipiga chafya gereji, yeye humwitikia “afya” akiwa sebuleni kwake.

Mumewe walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kama ngozi. Hakuwahi kukaza bolti kwa kukisia. Alikuwa na spana ndefu ya kipimo, ile ambayo fundi anaipangia kiasi cha nguvu, na kiasi kikifika spana inalia tak, ndipo mkono unaacha. Tak moja kwa kila bolti. Baada ya hapo huchovya brashi kwenye kopo la rangi ya njano na kuacha doa kichwani mwa bolti. Doa lilikuwa na maana moja: hii nimeikaza, mtu asiiguse.

Kwa Mshonaji, zile tak ndizo zilizokuwa saa ya nyumba. Akisikia ya mwisho, anafunika cherehani na kuinjika maji ya kuoga ya mumewe.

Siku ile hakusikia hata moja. Akadhani kazi bado inaendelea. Akashona sketi nyingine, na nyingine, mpaka mchomeleaji wa gereji alipokuja kusimama mlangoni bila kubisha, kofia mkononi, macho sakafuni.

Taratibu alikuwa amelala chali chini ya gari la zahanati, spana juu ya kifua. Hakuna chuma kilichomwangukia. Moyo ulisimama tu, kama mtu aliyechoka katikati ya safari.

Mliokuwa na Mshonaji wiki zilizopita mnayajua yaliyotangulia. Aliyemkuta leo atosheke na haya machache.

Binti yake wa pekee ni mkunga katika zahanati iliyo karibu na mlima. Gari la zahanati hiyo, refu na la mraba kama mkate, ni la fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta. Hata hivyo, msimu wa mvua ekseli yake ya nyuma ilikatika katikati ya mlima. Mkunga, dereva na mama mmoja mwenye uchungu wa kujifungua wakakwama humo, gari likishikiliwa na jiwe chini ya gurudumu. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Taratibu alisimuliwa yote. Kesho yake alikwenda kulivuta gari mwenyewe. Akaling'oa ekseli zote mbili, akaweka za lori dogo, nene kama mapaja ya mpiga mieleka. Akabadilisha difu, yale meno ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu. Akatengenezesha propela mpya, kile chuma kirefu kinachotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye ekseli ya nyuma, na miisho yake yote miwili akaitia krosi kubwa, maungio yanayoiruhusu propela kujipinda bila kukatika. Alimwambia mkewe kwamba gari hilo likikwama tena mlimani, basi atakuwa si yeye aliyelifunga.

Alikufa kazi ikiwa imebaki kidogo. Kilichobaki kilikuwa kidogo kiasi gani, ndiyo habari iliyomfikia Mshonaji leo asubuhi.

Iliingia na fundi rangi.

Fundi rangi ni mtu wa maneno mengi, kiasi kwamba wenzake humwambia rangi yake hukauka kabla hajamaliza sentensi. Leo aliingia kimya. Mkononi alikuwa na kitu alichokifunga kwa kitambaa safi. Alisema ni cha marehemu, wameona si vizuri kizagae gereji, dada akae nacho.

Mshonaji akafungua kitambaa. Lilikuwa kopo la rangi ya njano, na brashi yake ndani, imegandamana.

Alimshukuru. Akamkaribisha kiti. Na mtu wa maneno mengi akikaa, hata msibani, maneno humrudia. Akaanza kueleza jinsi siku ya maziko walivyokuwa wanangoja mwili kutoka hospitali. Chapuchapu, mdogo wake marehemu na fundi mwenzake, ndiye aliyekwenda kuufuata. Wao wengine walibaki uani mikono ikining'inia. Gari la zahanati lilikuwa palepale juu ya mawe, kopo la rangi chini yake, brashi bado mbichi. Fundi viti ndiye aliyetoa wazo. Alisema hawawezi kukaa tu kama wageni.

“Tukapita chini ya gari mmoja mmoja,” fundi rangi akasema. “Mimi, fundi viti, mchomeleaji na yule wa matairi. Kila mmoja akapaka bolti moja. Nikwambie kweli, dada, nililia nikiwa kule chini. Tukasema, haya, kaka, kazi yako tumekumalizia.”

Mshonaji alikuwa ameshika sindano. Hakujua amejichoma mpaka alipoona damu kwenye kitambaa.

“Mlipaka bolti zipi?”

“Zile za kwenye propela.”

“Zipi za kwenye propela?”

“Zile zilizokuwa hazina rangi,” akasema fundi rangi, na akatabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyefanya jambo jema akangoja miezi kuambiwa ahsante.

Hakuwa na kosa. Yeye hupaka mabati, mwenzake hushona viti, mwingine huchomelea, wa mwisho huziba matairi. Miaka yote walimwona Taratibu na kopo lake wakadhani ni pambo lake, kama wengine wanavyoandika majina yao kwenye nyundo. Hakuna aliyewahi kuwaambia rangi ile inakuja baada ya nini.

Mshonaji alijua. Aliisikia kupitia ukutani karibu kila jioni ya ndoa yake.

Jioni ya kuamkia siku ile, spana ililia. Alikumbuka vizuri, kwa sababu Taratibu alipotoka kuoga alimwambia mwisho wa nyuma wa propela umekwisha, kesho anamalizia wa mbele. Kesho yenyewe ndiyo siku ambayo spana haikulia.

Kwa hiyo bolti za mbele hazikukazwa. Zilishikizwa kwa vidole tu, zikapakwa rangi na watu waliompenda.

Fundi rangi alikuwa bado anasema jambo. Uso wa Mshonaji ulimnyamazisha. Fundi rangi akauliza, kwa sauti ya chini kuliko alivyowahi kuuliza kitu chochote, kwani Chapuchapu, aliyelimalizia gari lile, hakukagua?

Mshonaji alikuwa ameshatoka nje, kanga bega moja, kiatu kimoja kikiwa cha ndani.

Chapuchapu alikuwa amezama kichwa kizima kwenye injini ya gari la mteja, makalio juu. Kwa kawaida shemeji yake akiingia gereji, lazima atoe mzaha: mara amemletea wali, mara amekuja kuajiriwa. Leo alipoinua kichwa, mzaha ulimfia mdomoni.

“Shemeji, bolti za propela ya gari la zahanati ulizikaza?”

Alijibu kwamba zile kaka alikuwa ameshazikaza. Aliwasha tochi akaangalia kabla ya kulishusha gari kutoka juu ya mawe. Zote zilikuwa za njano, mbele na nyuma. Alieleza haya yote akifuta mikono kwa tambara, kwa utulivu wa mtu anayembembeleza mjane.

“Uliweka spana?”

Tambara likasimama.

“Sikuweka. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, shemeji. Nilitaka ibaki kama mkono wake ulivyoiacha.”

“Mkono wake haukuiacha hivyo. Za mbele walizipaka wenzako, siku ya maziko, wewe ukiwa hospitali.”

Chapuchapu hakukasirika wala hakubisha. Alitafuta kitu cha kukalia, akakuta tairi, akakaa. Mtu ambaye maisha yake yote alitaniwa kwa haraka zake, kazi moja aliyoifanya kwa heshima na upole ndiyo hiyo.

“Nimelikabidhi juzi,” akasema. “Limekuwa likizunguka huku chini tu, kwenye lami.”

Mshonaji hakungoja zaidi. Alipiga simu zahanati.

Mhudumu aliyepokea alimsalimu kwa kirefu, akampa pole tena, akamuuliza kama analala. Kisha ndipo akajibu alichoulizwa. Gari lilikuwa limeondoka asubuhi kwenda mlimani. Kuna mama huko uchungu umemkamata, na mtoto amekaa vibaya.

Mshonaji akauliza ni mkunga gani amekwenda na gari. Mhudumu akasema zamu ya leo ni ya yule mkunga mwingine, mnene, anayecheka sana.

Mshonaji akashusha pumzi. Ndiyo, alishusha pumzi, na papo hapo akaona aibu, kwa sababu yule mnene naye ana mama yake.

“Ila sasa,” mhudumu akaendelea, “ameamka na homa, hawezi hata kusimama. Binti yako ndiye aliyejitolea. Alifurahi kweli. Akasema, ngoja nikapande ekseli za baba.”

Simu ya binti haikupatikana. Ya dereva vilevile. Mlimani mtandao uko pale unapotaka kuwepo.

Chapuchapu alichukua pikapu ya mteja bila kumwuliza mwenyewe. Kabla hajawasha, Mshonaji alirudi ndani ya gereji. Spana ya kipimo ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wake. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuigusa. Aliitungua. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiria. Miaka yote aliijua kwa sauti tu.

Akaiweka mapajani, pikapu ikaondoka.

Njiani hawakusema mengi. Chapuchapu alipita malori kwa upande usiotakiwa, na Mshonaji, ambaye siku nyingine angepiga yowe, leo alimwona anachelewa. Kila akifumba macho, aliona kidole kinazungusha nati. Basi akayafumbua. Akauliza jambo ambalo hakutaka kujibiwa, ni nini kinatokea propela ikiachia.

Chapuchapu alijaribu kumzungusha kwa maneno ya gereji. Alipoona hazunguki, akamwambia. Propela ikiachia nyuma, mwisho wake unaburuzika chini, gari linapiga kelele, dereva anasimama. Ni hasara na fedheha, basi. Ikiachia mbele ni habari nyingine. Mwisho wake unaanguka ukiwa umeelekea gari linakokwenda, unachoma ardhi kama mkuki, na gari linaweza kunyanyuliwa kwa nyuma na kupinduliwa. Au chuma hicho kinapiga huku na huku chini ya sakafu mpaka kinakata bomba la breki.

“Na hizi ni za mbele,” akasema Mshonaji.

Chapuchapu alikaza macho barabarani.

“Ni za mbele.”

Lami iliishia kwenye duka la mwisho kabla ya mlima. Mwenye duka, mama mmoja aliyekuwa akipima sukari, hakuacha kupima alipoulizwa. Alisema gari la zahanati lilisimama hapo hapo, mbele ya benchi. Dereva alikuwa analalamika kwamba kuna kitu kinagonga chini, kama mtu aliyefungiwa anayetaka kutoka.

Roho ya Mshonaji ikapanda. Kama dereva alikisikia, basi alikagua. Kama alikagua, basi aliona.

Mwenye duka akasema ndiyo, alikagua. Alilala kabisa kwenye vumbi na shati lake jeupe, akaingia chini, akatoka akicheka. Akawaambia bolti zote zina doa la njano la marehemu. Ni krosi mpya tu zinajizoeza, akasema, zitatulia zenyewe mbele ya safari.

Rangi ile ilikuwa imemdanganya mtu wa pili.

“Na mkunga?” Mshonaji akauliza. “Alisema nini?”

“Yule binti? Alinunua sabuni.” Mwenye duka akafunga mfuko wa sukari kwa fundo. “Dereva alipokuwa chini ya gari, yeye alikuwa amesimama hapo uliposimama wewe. Akaniambia, huyo anajichafua bure, baba yangu hakosei.”

Mshonaji alishika ukingo wa kaunta. Alitaka kusema kweli, hakosei, hakukosea, hakumaliza tu. Mwenye duka akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akamsogezea kikombe cha maji. Mshonaji hakuyanywa.

Wakaanza kupanda.

Barabara ya mlima ni ya udongo mwekundu, na upana wake ni wa gari moja. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu. Pikapu ilikuwa ya magurudumu mawili yanayovuta, ikawa inakohoa na kuteleza. Mshonaji alitoa kichwa dirishani, akatazama chini, si mbele. Alizoea kutafuta sindano kwenye sakafu. Macho yake yalikuwa yamefundishwa kuona kitu kidogo kinachong'aa.

“Simama.”

Pikapu ikasimama, ikarudi nyuma kidogo, ikashika. Mshonaji akashuka. Katikati ya alama mbili za matairi, juu ya udongo, kulikuwa na kitu cha njano.

Ilikuwa bolti. Haikukatika wala kupinda. Ilikuwa nzima, mpya, mafuta bado kwenye meno yake, na doa kichwani limepakwa vizuri, duara, na mtu aliyekuwa akilia. Nati yake haikuwepo.

Chapuchapu aliichukua, akaipitishia kidole gumba kwenye meno. Zilikuwa nne, akasema. Zimebaki tatu.

“Tatu haziwezi kushika?”

“Zinaweza,” akasema Chapuchapu. “Zikiwa zimekazwa.”

Akaanza kulia. Alilia kama watoto wanavyolia, mdomo wazi, bila kujificha, akisema kwamba alitaka tu isiguswe, alitaka tu ibaki. Mshonaji hakuwa na pole ya kumpa wakati ule. Alimwambia arudi kwenye usukani. Alimwambia kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuijua, na shemeji yake akafuta pua kwa mkono na kutii.

Walikuwa wamepita kona moja tu simu ilipoita.

Ilikuwa ya binti.

Mshonaji alibonyeza vibaya, akabonyeza tena. Sauti ikaja imekatika vipande, ndani yake kuna upepo na mngurumo wa gari na, nyuma kabisa, mtu anayeguna kwa maumivu.

“Mama, nimeona umenipigia. Tumeshamchukua mgonjwa. Mkono wa mtoto umetangulia kutoka, siwezi kumzalisha huku, lazima afike hospitali. Tunashuka.”

“Mwambie dereva asimame.”

“Mama?”

“Asimame hapo hapo mlipo. Bolti za propela hazikukazwa.”

“Sikusikii, mama. Tunaingia bondeni hapa, mtandao utakata. Mama, ungeona gari la baba linavyo...”

Ikakata.

Alipiga. Haikupatikana. Alipiga tena. Chapuchapu alikuwa ameshaanza kubonyeza honi, mfululizo, mkono mzima juu yake, na mlima ukairudisha honi ile kwao wenyewe.

Alisema iko kona moja juu, na anayeshuka akiipita ndipo anapokutana na mteremko mkali kuliko yote. Ni pale pale gari lilipokatika ekseli msimu wa mvua. Wakilikuta gari kabla halijafika hapo, atalizuia hata kwa ubavu wa pikapu. Wakilikuta baada ya hapo, hakusema itakuwaje.

Akaishika spana kwa mikono yote miwili. Kwenye mpini wake kuna alama zinazoonyesha kiasi cha kukaza, na bado ilikuwa imepangwa pale pale Taratibu alipoiacha, kwa ajili ya bolti hizo hizo.

Barabara ni moja na haina njia ya pembeni. Gari linashuka, wao wanapanda.